Kurasa Nne za Mpemba

Msomi wa siku hizi hupimwa kwa mizani, kama robota la mkonge linavyopimwa kabla ya kupelekwa bandarini Tanga. Huulizwa ameandika makala ngapi, zimechapishwa katika majarida gani, na wenziwe wamezinukuu mara ngapi. Majibu yote ni namba, na namba hizo ndizo humpandisha cheo au kumwacha alipo, humpatia fedha za utafiti au kumnyima. Mimi niliyefundisha fizikia miaka mingi, kwanza Handeni na baadaye Korogwe, sikuwekwa kwenye mizani hiyo, kwa kuwa mwalimu wa sekondari hupimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake. Hata hivyo nimeitazama kwa muda mrefu, na ningependa kuieleza hapa kwa kisa cha mtu mmoja aliyesoma milimani, juu yetu kidogo.

Aliyenichokoza ni mtoto wa dada yangu, aliyesomea sayansi ya angahewa na ambaye sasa ni mhadhiri. Siku moja alinionyesha orodha ya makala zake, nyingi zikihusu mvua za vuli katika mikoa ya pwani. Niliiona orodha ndefu, yenye kutia moyo. Yeye aliiona fupi.

"Mjomba," aliniambia, "alama yangu ni 6 tu. Wenzangu niliosoma nao wamepita 15."

Nilimwuliza alama hiyo hupatikanaje. Akanieleza kwa subira, kama mimi nilivyomweleza yeye kanuni ya Archimedes alipokuwa mdogo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, kupitia taasisi yake iliyokuwa Philadelphia, alianza kutoa faharasa kubwa iliyoonyesha kila makala ya sayansi imenukuliwa na makala zipi nyingine. Nia ilikuwa njema: mtafiti aweze kufuata wazo kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine, kama mtu anayefuata kijito hadi mtoni. Lakini kitu kikishahesabika, watu hukimbilia kukihesabu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa California, alipendekeza alama moja ya kumpima mtafiti mzima. Mwenye alama 6 ana makala 6 ambazo kila moja imenukuliwa mara 6 au zaidi. Ili afike 7 ni lazima awe na makala 7 zilizonukuliwa mara 7 au zaidi kila moja. Alama hiyo ilienea upesi, ikaingia katika kamati za ajira na za kupandisha vyeo duniani kote.

Nilipokwisha kuelewa nilimwuliza mpwa wangu swali moja: je, kwa makala yake ya mwaka 1969, Erasto Mpemba anapata alama ngapi? Akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Moja, Mjomba. Mwenye makala moja hawezi kuzidi moja, hata dunia nzima ikimnukuu."

Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako, ndugu msomaji.

Mtu akitoka Korogwe kwenda Lushoto hufuata barabara kuu hadi Mombo, kisha hupanda mlima kwa kona nyingi. Akiupita mji wa Lushoto atafika Magamba, mahali penye baridi ambapo asubuhi watu hujitanda mashuka wakati sisi huku chini tunapepea kwa magazeti. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huchanganya na sukari, husubiri yapoe, kisha huyatia katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo na ya kugombewa. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akitia maziwa yasiyochemshwa ili awahi. Naye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wakati wa likizo alikutana Tanga mjini na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba hutia mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu ndivyo unavyoganda upesi. Tazama basi: mambo ambayo darasani hayakuwezekana, sokoni yalikuwa desturi ya kazi.

Mpemba alifaulu akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Huko walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, naye akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaipokea kauli hiyo kama utani wa darasa: kila alipokosea hesabu, wakasema ni hesabu za Mpemba. Yeye hakuacha. Alipokuta maabara ya biolojia iko wazi alichukua bika mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya baridi, akaziweka katika jokofu, akaona dalili zile zile.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyefika Mkwawa alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Baada ya mhadhara aliruhusu maswali, na Mpemba akasimama. Aliuliza kwa nini, ukichukua vyombo viwili sawa vyenye maji kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Wanafunzi walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakumdharau. Alimwuliza kama kweli amefanya jaribio hilo, akaahidi kulijaribu mwenyewe.

Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta habari kwamba kweli maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kila nikimkumbuka fundi yule hucheka, halafu huacha kucheka, kwa maana alisema wazi yale ambayo wengi wetu hufanya kimyakimya: jibu tunalo tayari, tunalotafuta ni jaribio la kulitetea.

Mwaka 1969, Mpemba akiwa amekwisha kuingia chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, makala yao ilichapishwa katika jarida la Kiingereza la walimu wa fizikia, Physics Education. Ilikuwa na kurasa nne tu. Nusu ya kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe, tangu maziwa ya Magamba hadi kicheko cha Mkwawa. Nusu ya pili Osborne anaeleza vipimo vya maabara: bika ndogo za maji juu ya kipande cha povu gumu kinachozuia joto, ndani ya jokofu la kawaida la nyumbani. Maji yaliyoanza na nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanza na nyuzi kama 90 yaliyatangulia kwa muda mwingi. Mwaka huo huo huko Kanada mtafiti G. S. Kell naye alichapisha makala kuhusu jambo hilo bila kujua habari za Mpemba. Lakini jina lililoshika ni la kijana wa Magamba. Hadi leo wanafizikia duniani huliita tokeo la Mpemba.

Msomaji anaweza kuniuliza: barafu ya shule inahusu nini sayansi ya angahewa, ambayo ndiyo kazi ya mpwa wako? Inahusu sana. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita Aristotle aliandika kitabu kuhusu mambo ya anga, yaani mvua, upepo, radi na mengineyo. Alipofika kwenye mvua ya mawe alijiuliza kwa nini huja zaidi katika majira yasiyo ya baridi kali, na katika kujibu akataja kwamba maji yaliyotangulia kupata joto huganda upesi. Mwaka 1620 Mwingereza Francis Bacon alilitaja jambo hilo. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes naye alilitaja, tena katika insha yake juu ya hali ya hewa. Kwa hiyo swali la Mpemba lilizaliwa mawinguni, likasahauliwa vitabuni, likaja kuokotwa upya ndani ya jokofu la wanafunzi milimani Usambara. Mpemba hakuwa amemsoma yeyote kati ya hao. Alikuwa amesoma maziwa yake.

Hata leo swali la kuganda ni swali la mawingu. Tumezoea kufundisha kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri, lakini tone dogo la wingu, likiwa safi, laweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili ligande mapema huhitaji kushika punje ya kitu fulani, kama vumbi au bakteria. Nchini Kenya, eneo la Kericho linajulikana kwa kupigwa mara nyingi na mvua ya mawe. Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vipande vya majani makavu kutoka mashamba ya chai ya Kenya vyaweza kuwa punje za namna hiyo. Nami nikipita chini ya mashamba ya chai ya Ambangulu, juu ya Korogwe, huitazama milima kwa heshima mpya. Mmoja wa waliotafuta sababu ya tokeo la Mpemba, David Auerbach, mwaka 1995 aliitafuta papo hapo, katika maji kupoa chini ya sifuri bila kuganda. Wengine wamesema ni uvukizaji unaopunguza maji ya moto, wengine myuko, yaani mzunguko wa maji yenyewe ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka ndani yake.

Nilipokuwa Handeni niliwapa wanafunzi wangu swali hilo walijaribu. Shule haikuwa na jokofu, hivyo tulimwomba mama mmoja jirani, muuza barafu za ubuyu, atuachie kona ya friza lake. Alikubali kwa sharti kwamba tusilifungue kila dakika. Siku ya kwanza maji ya moto yalitangulia. Siku ya pili yalitangulia ya baridi. Siku ya tatu umeme ulikatika. Wanafunzi walinung'unika kwamba jaribio limeharibika, nami nikawaambia kwamba wameona kitu cha kweli kabisa: jibu linategemea chombo, mahali kilipokaa na kipimajoto kilipochovywa.

Na ndivyo wakubwa wa elimu walivyokuja kusema. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu ya tokeo hilo, zawadi ikiwa pauni 1000. Majibu zaidi ya 22,000 yalipokelewa, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb. Majibu yote hayo, na bado ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya jinsi maji yanavyopoa hadi sifuri, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha wa tokeo lenyewe, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu kwaweza kukupa jibu la uongo. Mwaka uliofuata wataalamu wa nadharia walionyesha kwa hesabu kwamba katika mifumo mingine isiyo ya maji, chenye joto zaidi chaweza kweli kupoa kwanza. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walilithibitisha kwa punje ndogo mno zilizoelea ndani ya maji. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliripoti jambo la jamii hiyo katika chembe za kwanta.

Sasa turudi kwenye mizani. Wote hao wamemnukuu Mpemba: aliyekubali amemnukuu, aliyekataa amemnukuu, na aliyehama kabisa kutoka maji hadi kwanta naye amemnukuu. Faharasa haina safu ya waliokubali na safu ya waliokataa. Huongeza moja na kwenda mbele. Kwa hiyo namba hizo hupima mazungumzo, hazipimi ukweli. Aidha, alama ya Hirsch, iliyokusudiwa kuonyesha uzito wa mtafiti, humpa moja mtu ambaye kurasa zake nne zimezungumzwa kwa zaidi ya miaka 50. Wahenga walikwisha kusema: wingi si hoja. Mpemba mwenyewe hakuwa profesa. Aliingia katika kazi ya wanyamapori, akaitumikia nchi huko.

Sisemi kwamba kuhesabu ni upuuzi. Mpwa wangu anaishi katika dunia inayohesabu, na kumwambia asijali ni sawa na kumwambia mkulima asijali bei. Isitoshe, kunukuu ni adabu njema: ni kusema niliyachota maji haya kisima cha fulani. Ninachosema ni kwamba kuna vipimo vingine, na kimoja kilikuwa hapa hapa kwetu kabla ya faharasa yoyote. Wasambaa walimpima mtawala wao wa Vuga kwa mvua. Mvua ikinyesha na mavuno yakiwa mema, walisema ameiponya nchi, kuzifya shi. Jua likiunguza mahindi, lawama zilikuwa zake. Mimi siamini kwamba mtu huleta mvua, lakini kipimo chao kiliuliza swali zuri: elimu yako imewafaa nini wanaoishi chini ya wingu hilo?

Nitoe mfano. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake walichapisha makala kuhusu tabia ya Bahari ya Hindi: kuna miaka ambayo maji ya upande wetu hupata joto kupita kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa, na ndipo vuli yetu inapozidi. Makala hiyo imenukuliwa na maelfu ya wataalamu. Mwaka 2019 bahari ilifanya hivyo kwa nguvu kubwa. Mwezi Oktoba mvua zilileta mafuriko Handeni na Korogwe, watu wakafa, barabara zikakatika. Mkulima wa Sindeni hajasikia jina la Saji wala la mpwa wangu, lakini anaposikia redioni kwamba vuli itazidi wastani, elimu yao imo ndani ya tangazo lile. Akihamisha mbuzi wake kutoka bondeni kabla mto haujafurika, amewanukuu bila kuandika. Nukuu ya namna hiyo haiingii katika faharasa yoyote. Wala haiingii kazi ya mtu anayeamka kila siku kusoma kipimamvua na kuandika milimita katika daftari, ambaye bila yeye wataalamu wa hali ya hewa wasingekuwa na la kuandika.

Julai 2023, katika mkutano uliofanyika Nairobi, Mtanzania Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Jopo hilo halifanyi utafiti wake. Kazi yake ni kuzisoma na kuzipima makala za wengine. Ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu misingi ya kisayansi ilipitia zaidi ya makala 14,000. Katika bahari ya karatasi kama hiyo, ni rahisi kudhani kwamba elimu huanzia kwenye makala na kuishia kwenye makala. Kisa cha Mpemba kinatukumbusha kwamba huanzia kwenye swali, na kwamba swali huwa halina mashahidi. Halina pa kunukuliwa. Lina mtu mmoja tu aliyeona kitu, na mwingine anayeamua ama kumcheka ama kujaribu.

Osborne baadaye aliacha kufundisha, akawa balozi wa nchi yake Malawi, na alifariki mwaka 2014. Aliyoyafanya ni mengi, lakini kwangu mimi kubwa kuliko yote ni zile dakika chache za Mkwawa alipomwuliza kijana kama kweli amejaribu, badala ya kumwambia akae chini. Walimu wa Tanzania ni maelfu, na kila siku mkono wa mwanafunzi fulani huinuliwa, huko Kwamsisi, Mnyuzi au Bungu, kwa swali linaloonekana la kipumbavu. Mengi yatakuwa ya kipumbavu kweli. Moja katika elfu litakuwa la Magamba, na hakuna alama ya kututambulisha ni lipi. Dawa ni kuyapokea yote, na pale inapowezekana, kutafuta friza.